Mwanamke Aliyevuja Damu ya Rangi

Bi Kelele alikuwa mfuaji wa shuka hospitalini. Siku moja maji ya moto yalimrukia mkononi, akapiga yowe lililowatoa watu wodini. Mkunga mkuu alifika mbio, akaona ameungua kidogo tu, akaangua kicheko.

"Shoga, sauti hiyo usiipoteze bure. Njoo uwe mgonjwa wangu."

Hospitali ilikuwa imeanza mazoezi ya dharura humo humo wodini, kwa vitanda na vifaa vya kila siku. Bi Kelele akawa mama aliyetoka kujifungua. Alifichiwa mfuko wa maji mekundu chini ya shuka. Ukifunguliwa, damu ya rangi inatiririka, naye analia kama anachinjwa. Daktari, wakunga na manesi wanamvamia kumwokoa. Baadaye wote huketi kwenye mabenchi na kuulizana wamekosea wapi. Mgonjwa naye huulizwa.

Mara ya kwanza alisema, "Mimi mwenzenu nimekufa. Kila mtu anasema 'leteni damu', hakuna aliyekwenda. Wala hakuna aliyenitazama usoni."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wakarudia zoezi, wakarudia tena, mpaka bintiye mjamzito akawa anamtania akirudi nyumbani: "Mama, leo umekufa au umepona?"

Binti huyo alijifungulia wodi ile ile, asubuhi jua likiwa limeshaingia madirishani. Mtoto alitoka salama, wa kike, analia vizuri. Bi Kelele alikuwa bado anamshangilia mjukuu alipoona shuka chini ya bintiye inageuka nyekundu. Alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Mkunga alibonyeza kengele. Watu waliingia, na hapakuwa na vurugu.

"Nesi, dripu ya pili," alisema daktari, akimtazama machoni.

"Dripu ya pili, naweka."

"Mkunga, endelea kukanda tumbo. Wewe hapo mlangoni, kimbia benki ya damu."

"Naenda benki ya damu." Na kweli akaenda, viatu vikilia koridoni.

Nesi mwingine, mpole ambaye kwenye mazoezi sauti yake ilikuwa haisikiki, alisema waziwazi, "Daktari, presha inashuka. Sindano ya pili ya kuzuia damu bado."

"Asante. Mpe sasa."

Kisha nesi yule akainama hadi uso wake ukakaribia wa binti. "Dada, unavuja damu, na sote tuko hapa kuizuia. Nitazame mimi."

Bi Kelele aliegemea ukuta. Maneno yote hayo aliyajua, ameyasikia kwenye mazoezi akiwa amelala kitandani huku akijizuia kucheka. Sasa aliyasikia kama mtu anayesikia adhana ya kwanza maishani mwake. Mikono ilipishana juu ya mwanawe bila kugongana, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi. Alijiona mdogo, kama amesimama mbele ya kitu kikubwa ambacho hata waliokifanya hawakuwa na nafasi ya kukitazama.

Damu ilipungua. Ikakoma. Binti akaomba mtoto wake.

Bi Kelele alitoka wodini kuvuta pumzi. Daktari alikuwa ameketi sakafuni koridoni, chupa ya maji mkononi, kizibo kimemshinda kufungua. Bi Kelele aliichukua ile chupa, akaifungua, akamrudishia, kisha akaketi kando yake.

"Kunywa, baba," alimwambia kwa sauti ndogo.