Asubuhi Alipoicheka Hadithi ya Mbuzi

Nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja huko juu Isongole, na kila Jumapili jioni niliiogopa Jumatatu. Watoto walijaa hadi mlangoni. Wapo waliosoma vizuri, na wapo walionakili ubaoni bila kujua wanaandika nini. Nilifundisha huku nikijua kuwa hao nawaacha.

Mwalimu mkuu, mama mpole, aliona tunavyochoka. Akaanza kutukalisha pamoja kila Ijumaa baada ya vipindi, chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha mezani, tuseme tu yanayotushinda. Ijumaa ya kwanza tulikunywa chai tu. Iliyofuata, mwalimu wa darasa la pili, mzoefu kuliko sisi wote, alisema anafikiria kuacha kazi. "Siku hizi nikishika chaki, mkono unakuwa mzito," alisema. Nikamwambia kumbe tuko wawili. Siku hiyo nilirudi nyumbani mwepesi.

Katika mazungumzo hayo ndipo tulipokubaliana kwamba saa ya kwanza kila asubuhi tusahau madarasa, kila mtoto akae na wenzake wa kiwango kimoja cha kusoma. Mwenzangu yule akachukua wanaosoma hadithi, mimi nikachukua wanaoanza na silabi. Kundini kwangu akaja msichana wa darasa la tano, mrefu kuliko wote, aliyelelewa na bibi yake na kukua akiongea Kinyakyusa tu. Niliogopa ataona aibu kukaa na wadogo. Akaenda kukaa mbele kabisa. Tulikata maboksi yakawa kadi za silabi, tukaziimba, tukazipanga sakafuni, kwa wiki nyingi.

Asubuhi moja ya ukungu niliandika ubaoni hadithi niliyoitunga mwenyewe: mbuzi aliingia ofisini, akala daftari, kisha akalala kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Nikamwomba yule msichana asome. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno hewani. Alipofika kwenye kiti akanyamaza, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Hakuna aliyemweleza chochote. Alikuwa ameyaelewa maneno mwenyewe.

Nilitoka mbio, chaki mkononi, nikamwita mwenzangu kwenye dirisha la darasa lake, akaja. Msichana akasoma tena, safari hii haraka, na darasa zima likacheka naye. Mwenzangu alikaa dawati la nyuma, macho yamemlowa.

"Kesho hili kundi nipe mimi," akasema.

Nikakataa. Tukabishana pale barazani kama watoto wanaogombea mpira, mpaka mwalimu mkuu akatuamulia tupokezane.

Mwenzangu bado anafundisha, na siku hizi ndiye anayewahi shuleni kuliko wote. Yule msichana yuko sekondari. Jumapili humsomea bibi yake Biblia ya Kiswahili, kisha humfafanulia kwa Kinyakyusa. Siku moja nilikutana na bibi huyo sokoni Tukuyu, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwalimu," akanishukuru, na hakuniachia upesi.