Gari Lililofunikwa Kama Kimea

Juzi nilikuwa napita Milanzi, hapa Sumbawanga, kwenda kuchukua nguo kwa fundi, na kabla sijafika kwenye kibanda chake harufu moja ikanisimamisha. Kando ya njia, kijana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa iliyopasuka, akiipaka gundi juu ya kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo. Mafundi wa siku hizi hukiita faiba. Harufu yake ni kali, lakini ndani ya ukali huo kuna utamu wa ajabu, kama embe lililoiva kupita kiasi na kumwagikiwa mafuta ya taa. Kijana aliponiona nimesimama akauliza, "Shikamoo mama, una gari?" Nikamwambia sina, napumzika tu. Sikuweza kumweleza kwamba kwa harufu ile nilikuwa nimerudi kwenye uwanja wa nyumba yetu, katika miaka ya ujamaa, katikati ya baridi ya mwezi wa saba.

Baba yangu alikuwa fundi magari katika karakana ya barabara. Alikuja Sumbawanga kutoka Mbeya, Mnyakyusa na Mmoravian, akamwoa mama yangu, binti wa Wafipa, wakulima Wakatoliki wa Mpui. Ndoa hiyo haikumfurahisha mama yake mama. Bibi hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Aliamua tu kwamba hatakanyaga nyumba ya mkwe huyo. Sisi wajukuu tulipelekwa kwake wakati wa likizo, tukala maharage yake na kulala kwenye mkeka wake, lakini yeye kwetu hakuja. Alipomtaja baba alisema "yule wa Mbeya". Mama naye, kila aliporudi kutoka Mpui, alikuwa na kawaida ya kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Tulikuwa na gari. Lilikuwa dogo, la Kijerumani, lenye injini nyuma na mgongo wa mviringo, nasi tuliliita Kobe. Baba alilinunua likiwa limekufa, akalifufua. Kobe alibeba mahindi yetu kutoka shambani upande wa Laela, alibeba wagonjwa wa mtaa, na siku moja alibeba kitanda juu ya paa na mwenye kitanda akiwa ndani.

Sasa basi, kulikuwa na injinia mmoja wa kigeni, aliyefanya kazi na baba barabarani. Mzungu huyu alikuwa ameagiza kwao bodi ya gari la michezo, mfano wa magari ya zamani ya mashindano, iliyotengenezwa kwa faiba. Bodi ya namna hiyo haiji na injini. Unachukua gari kama Kobe, unafungua bolti zinazoshika bodi yake ya bati, unainyanyua bodi yote kama mtu anavyovua kofia, halafu juu ya ile sakafu yenye magurudumu na injini unaweka bodi mpya. Kabla hajaanza kazi hiyo, mkataba wake ukaisha. Akamwachia baba kreti zima kama zawadi ya kuagana, pamoja na kopo la gundi, chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha, na furushi la kitambaa cha nyuzi.

Kreti lilifunguliwa uwanjani mbele ya majirani. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, chepesi, chenye pua ndefu na makalio ya duara, na mahali pa viti viwili tu. Kilikuwa kimesafiri kwa lori kutoka Tunduma, na barabara ile ilikuwa imekipasua katikati, mbele ya mlango, kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mcheshi aliyependa kuanza na maswali ya kazi, alikizunguka akiwa ameweka mikono mgongoni.

"Fundi, hili ni gari la mtu binafsi au la wote?"

"Bado si gari, Balozi."

"Nami naona hivyo. Mimi naona mtumbwi. Upeleke ziwani Kasanga ukavulie migebuka."

Watu walicheka, na baba akacheka nao, lakini niliona mkono wake ukipapasa ile pua nyeupe taratibu, jinsi mtu anavyompapasa ndama. Baba alikuwa mtu wa kurekebisha vilivyoharibiwa na wengine. Maisha yake yote alikuwa amelala chini ya magari ya serikali akifunga alichofungua mwingine. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza ambacho angekitengeneza yeye, tangu mwanzo, kwa sababu tu kilikuwa kizuri. Mimi nilikuwa darasa la tatu na hayo sikuyajua kwa maneno, lakini niliyajua. Nililitamani gari lile kuliko Krismasi.

Mama hakulitamani. Siku baba alipofungua bolti za mwisho na wanaume wanne wakanyanyua bodi ya Kobe na kuiweka juu ya magogo kando ya jiko, mama alisimama na ungo mkononi, akamwita kwa jina langu.

"Baba Atu, na mahindi ya Laela yatakuja kwa miguu?"

"Nitamaliza kabla ya kuvuna kuisha."

"Na watoto utawaweka wapi? Hapo naona viti viwili."

"Watapokezana."

"Watapokezana na nani? Na mimi?"

Kuku wetu walijibu kwa niaba yake. Jioni ileile walihamia ndani ya bodi ya Kobe, wakalala kwenye kiti cha nyuma.

Kazi ya kuunga ufa ilianza, nami nilikuwa mshika makasi. Baba alikata kitambaa, akakilaza juu ya ufa, akachanganya gundi kidogo na matone ya ile dawa, akapaka kwa brashi. Kopo lilikuwa na maelezo ya Kiingereza, naye aliyasoma polepole, akimwuliza mama neno hapa na neno pale, kwa kuwa mama alikuwa mwalimu. Maelezo yalisisitiza mambo mawili: pawe na joto, na pawe pakavu. Ukavu tulikuwa nao. Joto hatukuwa nalo. Anayeujua uwanda wa Ufipa anaujua mwezi wa saba: upepo unakatiza nyasi kavu tangu asubuhi, na alfajiri majani ya maboga yanakuwa yameungua kwa baridi. Siku iliyofuata gundi ilikuwa bado inanata kama asali. Na siku iliyofuata hiyo pia. Baba akaikwangua yote. Akatikisa kopo karibu na sikio lake, akasema, "Imebaki ya kupaka mara moja tu." Gundi ya namna ile haikuwepo dukani Sumbawanga, wala Mbeya; wakati huo hata sabuni tuliipata kwa bahati. Akaamua kusubiri hadi mwezi wa tisa, jua lirudi.

Habari husafiri kwa basi. Mpui walisikia kwamba yule wa Mbeya amechanganyikiwa, amelivua gari lake nguo, na kuku wanalala ndani. Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nafagia uwanja, nikamwona Bibi anakuja kutoka barabarani, mdogo, amejifunga kaniki, kapu la unga kichwani. Niliacha ufagio ukaanguka. Nilikimbilia ndani kumwambia mama, na mama alidhani kuna msiba.

Baba alitoka chini ya gari, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia Bibi akimwambia baba. Kwao Mbeya mtu hambishii mama mkwe, na kwa Wafipa ni vilevile; mkwe anasikiliza, anapokea, anapisha njia. Baba alipisha njia. Bibi hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye bodi nyeupe, akaizunguka, akaigonga kwa vidole kama anayepima chungu, akauona ufa.

"Kwa nini hakikushika?"

Baba akamwambia, akiangalia chini, kwamba gundi inahitaji joto, na baridi imeizuia.

"Basi si ugonjwa," Bibi alisema. "Kinasikia baridi tu. Baridi hii hata kimea hakioti."

Wasiojua kimea, ni hivi: ulezi wa pombe hulowekwa, kisha unalazwa mahali pa joto na kufunikwa kwa magunia yenye unyevu hadi uchipue. Baridi ikiuingia, hauoti. Mpui nzima ilijua kwamba kimea cha Bibi kiliota hata Julai. Wanawake walikuja kutoka mbali kumwuliza anafanyaje, na hakuwaambia. Sasa alivua kitambaa cha kichwa, akakunja mikono ya blauzi yake, akaanza kuamuru. Majiko ya mkaa yaletwe. Maji yapashwe moto. Magunia yote ya nyumba hii yako wapi?

"Baba Atu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "paka dawa yako. Mimi nitaifunika."

Nilimwangalia baba. Alikuwa ameshika kopo. Alikuwa ameyasoma maelezo yake mara nyingi kiasi kwamba hata mimi niliyajua: pawe pakavu. Nikavuta shati lake. "Baba, lakini maji..." Akanishika bega, akalibana, si kwa ukali. Kisha akafungua kopo, akamimina gundi yote iliyobaki, akatia dawa, akakoroga. Akapaka vizuri kuliko alivyowahi kupaka, akisukuma mapovu yatoke, akinyoosha kila uzi. Bibi akaja nyuma yake na magunia yanayofuka mvuke, akayakamua, akayalaza juu ya ufa moja moja, akiyapigapiga, akiyaimbia kitu kwa Kifipa kwa sauti ya chini. Pande zote mbili wakaweka majiko. Gari likatoa moshi na mvuke kama nyumba inayopika.

"Sasa lisisumbuliwe," Bibi alisema. Halafu akaingia ndani ya nyumba yetu, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Nimesoma baadaye, katika vitabu nilivyotafuta mwenyewe, nini maji huifanya gundi ile kabla haijaganda. Siku ile sikuhitaji kitabu. Kesho yake, baada ya ibada, Bibi alifunua magunia na kulikuwa na kitu cheupe kama uji uliolala, laini, kinachobanduka kwa ukucha. Wanaume walipojaribu kuinyanyua bodi, ufa ukafunguka wote, na pua ile ndefu ikaanguka kifudifudi kwenye vumbi.

Bibi akainama, akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Hiki kimeoza," akasema. "Mwanangu, nimekuozeshea kimea chako."

Na baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Bibi akacheka akijiziba mdomo kwa kanga, na Balozi aliyekuwa amekuja kutazama akauliza kama sasa tutakunywa. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko kulia. Nilimchukia Bibi kwa siku nzima, na baba nilimchukia zaidi, kwa sababu yeye alijua. Nilimwona kama mwoga. Mtu mzima, fundi, ameogopa kumwambia bibi kizee sentensi moja.

Wiki hiyohiyo baba aliwafukuza kuku, akaiosha bodi ya Kobe, akairudisha juu ya magurudumu yake. Bibi alikaa mpaka kazi ikaisha, kisha baba akampeleka Mpui, akiwa amekaa kiti cha mbele na kapu mapajani. Makalio ya gari la michezo yalifungwa juu ya paa. Bibi alikuwa ameyaomba, akayatumia miaka mingi kulowekea ulezi. Tangu hapo alikuja kwetu kila alipotaka, bila kutuma salamu, na alikuta uji wake. Gundi nyingine haikupatikana, na baba hakuwahi tena kujenga gari.

Hasira yangu ilipungua jinsi hasira za watoto zinavyopungua, lakini ile dharau ndogo ilibaki ndani, imetulia, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Nilikuwa tayari na nyumba yangu na wakwe wangu siku nilipomwuliza. Baba alikuwa amestaafu, tumekaa uwanjani tunapukuchua mahindi.

"Baba, ile gundi. Ulijua maji yataiharibu?"

"Si iliandikwa kwenye kopo?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo aliyekuwepo hapaswi kuuliza.

"Mama yako alikuwa amesimama mlangoni," akasema. "Anatuangalia mimi na mama yake tunafanya kazi. Hukumwona alivyokuwa?"

Akarudi kwenye mahindi yake. Nami nilijaribu kukumbuka. Nina kumbukumbu nzuri. Nakumbuka mvuke, brashi, mapovu madogo chini ya kitambaa, nyuzi zilizosimama kama nywele za mtoto. Sura ya mama yangu siku ile sinayo. Nilikuwa na umri wa kutosha kuiona, na mlango ulikuwa karibu. Nilikuwa naangalia gari.