Uwanja wa Mama Bondeni

Miguu yangu haishuki tena bonde la mto Luiche, tulikohama zamani tukamwacha mama kaburini, pembeni mwa uwanja wa nyumba yetu. Nilihofia magugu yamemfunika. Mpangaji wangu, mwalimu kutoka Mbeya, hupenda kupiga picha mabonde, basi nikamtuma.

Akarudi na picha kwenye simu. "Bibi, si ulisema hapaishi mtu? Mbona pamefagiliwa?"

"Acha utani, mwalimu."

Nikatazama. Nyumba imeanguka, pori limezunguka, ila uwanja ni mweupe, una mistari ya ufagio. Mama alikuwa akifagia kinyumenyume, asiache nyayo, akimalizia pale atakapoketi.

"Ulipakanyaga?"

"Niliogopa, Bibi. Hapakuwa na hata unyayo mmoja."

Nikaifuata mistari kwa kidole. Ilianzia palipokuwa mlango, ikaishia kaburini.