Visanduku Viwili na Wimbo wa Kupukuchua

Nilikuwa siamini kwamba sauti ina rangi. Rangi ni ya macho, nilimwambia mwenzangu, na sauti ni hewa inayotikisika. Ukitaka kunishawishi niletee kipimo.

Mwenzangu ni fundi redio. Tuna studio ndogo Makambako, chumba cha nyuma, mbali kidogo na barabara kuu ili malori yasiingie kwenye nyimbo za watu. Yeye hakwenda chuo. Mimi, binti wa mjini, nilisoma elektroniki, nikarudi na tabia ya kuuliza kila kitu. Wiki ya kwanza nilibandua trei za mayai alizokuwa ameweka ukutani, nikamwonyesha kwamba hazizuii hata mlio wa bodaboda. Tangu siku hiyo ananiita msomi, na si kwa sifa.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa priampu. Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno, kama mtu anayenong'ona nyumba ya tatu; priampu ndicho kisanduku kinachoukuza kabla haujafika kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na kimoja kipya, chepesi, kinachokuza tu bila kuongeza lolote. Yeye alikuwa na chake, alichokiunda mwenyewe kwa vipuri vya mtambo mkongwe wa redio: kizito, na ndani yake transfoma mbili zenye mioyo ya chuma. Sauti ikisukumwa kwa nguvu kupitia chuma kile hutoka nene, na kingo zake zimelainika.

"Imepata rangi," alikuwa akisema.

"Imepata makosa. Chuma kimelemewa, kinatoa kitu ambacho mwimbaji hakukiimba."

"Basi ni makosa matamu, msomi. Chuma hiki ni cha Liganga, cha milima ya kwetu, kinatuelewa."

Kilitoka kwenye mtambo wa Ulaya, na alijua kwamba najua. Lakini nilikuwa na ushahidi wangu. Niliwahi kuwasikilizisha wanakwaya sauti za visanduku vyote viwili, na wengi wakachagua ile iliyokuwa na nguvu kidogo zaidi. Nilipozisawazisha, wakabahatisha. Kesi ikafungwa, nilidhani.

Kisha shangazi akapiga simu. Anaishi kijijini nje ya Njombe, na ameongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika tangu kabla sijazaliwa. Tezi ya shingoni ilikuwa imekua, na angefanyiwa upasuaji Jumatatu. Daktari alikuwa amemweleza bila kuficha: mshipa unaoendesha sauti unapita palepale, na sauti inaweza kurudi ikiwa nyingine, au isirudi.

"Njoo na mashine zako Jumamosi," alisema. "Kuna wimbo wa mama. Hawa binti zangu wanaujua nusu."

Tulifika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya viazi. Alitusalimia kwa Kibena mmoja mmoja, "Kamwene," akangoja kila mmoja aitikie "Kamwene," akatulisha, akauliza hali ya kila ndugu, na mimi muda wote naangalia saa. Kisha nikamweka chumbani, nikatundika mablanketi kumzunguka, nikaunganisha maiki moja kwenye visanduku vyote viwili ili vipokee sauti ileile kwa wakati mmoja. Nikamwambia asimame wima na mikono aiachie tu, kwa sababu kisanduku changu kinasikia hadi kitenge kikijikunja.

Akaimba. Sauti ilitoka kavu, ikayumba, ikakatika katikati ya ubeti wa pili. Tukarudia. Mara ya tatu alishika shingo, akakaa kitandani.

"Pumzika kidogo, shangazi," mwenzangu alisema.

"Sijachoka. Siwezi kuuimba mikono ikiwa mitupu."

Nikamwambia ni dakika tatu tu. Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha marehemu bila kujua.

"Wewe, mama, umekulia mjini, sikulaumu. Huu ni wimbo wa kupukuchua mahindi. Kwetu, siku mwenye wimbo akifa, wanawake wanakaa na kuuimba mikono mitupu mapajani. Ni siku hiyo tu. Wewe umenisimamisha hapa kama wa picha ya kitambulisho, unataka nijizike, na Jumatatu nakwenda kulala kwenye kisu!"

Mwenzangu alikuwa tayari anatundua mablanketi.

Tulihamia jikoni. Binti zake wawili wakaleta gunia la mahindi na beseni, wakaketi kila upande wake. Nikaweka maiki karibu na kifua chake, nikapiga magoti nyuma ya visanduku na hedifoni masikioni. Alichukua hindi, akalizungusha kwa kidole gumba, punje za kwanza zikapiga beseni, na juu ya mlio ule sauti yake ikaingia. Haikuyumba. Ilishuka mahali ambapo sikujua mwanamke anaweza kushuka, ikapanda, ikakaa huko juu huku mikono ikiendelea. Binti zake waliinamisha vichwa. Nilikuwa nimemsikia tangu utotoni, kila Jumapili ya likizo, na nilikuwa sijamsikia.

Aliimba hadi mwisho. Akafuta mikono, akataka kusikia.

Nilizisawazisha zile sauti mbili kwa makini, nikamvalisha hedifoni, nikamchezea ya kwanza kisha ya pili bila kumwambia ipi ni ipi. Kwenye ya pili alicheka.

"Huyu amenona! Huyu hajui ugonjwa."

Kilikuwa kisanduku cha chuma. Nikadhani amebahatisha. Nikabadilisha mpangilio, nikamchezea tena. Mwenye kupumua, akasema, na kweli kilikuwa kisanduku changu. Nikarudia ileile mara mbili mfululizo ili nimtege. Mwenye kupumua, mwenye kupumua. Aliyenona. Hakukosea hata mara moja, na alikuwa akijibu kabla ubeti haujaisha, huku akiokota punje zilizoanguka chini. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi. Ila nilikuwa nimewauliza watu juu ya sauti za wengine, ambazo hawakuzibeba kifuani.

Mwenzangu alijaa furaha hadi akashindwa kukaa. "Umesikia, msomi? Umesikia? Shangazi, basi tukuwekee huyo aliyenona, si ndiyo?"

"Hapana."

"Lakini ndiye mtamu!"

"Mtamu sana, baba, umemnenepesha vizuri. Lakini punje zake zimekuwa kama zinaangukia kwenye unga. Hawa watoto watajuaje mahali pa kuingia? Wimbo unaanzia kwenye beseni." Akagusa shingo. "Huyo mwingine anapumua kwa shida, nimemsikia. Mwacheni apumue. Yeye ndiye atakayewafundisha."

Tukamwachia huyo mwenye kupumua kwenye simu za binti zake wote wawili. Njiani hadi Makambako hatukubishana, na hilo halikuwahi kutokea kabla.

Alipasuliwa Jumatatu. Jumanne binti zake waliniambia haruhusiwi kuongea. Alhamisi saa nne asubuhi simu yake iliita. Nikapokea nikitegemea binti yake. Nilisikia pumzi kwanza, kisha kelele za wodi, kisha sauti nisiyoijua, nzito, yenye mchanga ndani, ikatamka polepole, "Kamwene."

Nilikuwa nimesimama katikati ya studio. Hamkuwa na chembe ya sauti ya zamani mle, na bado alikuwa yeye, wala hakuna chombo chetu ambacho kingeweza kunionyesha ni kwa nini.

"Mbona kimya?" ile sauti ikauliza. "Chuo kilikufundisha kutoitikia salamu?"

"Kamwene, shangazi," nikasema. "Kamwene."