Nabothi Alipokubali Kuuza

Miaka ile watu walipokuwa wakinunua mashamba ya walowezi, kanisa letu la Eldoret lilinituma Kaptagat kufundisha Biblia kwenye kambi ya vijana, likizo ya Agosti. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na imani kwamba mtoto haelewi jambo mpaka aliigize. Mchungaji hakuwa na pingamizi, mradi Neno lisibadilishwe.

Nilichagua kisa cha Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu shamba la urithi wake, malkia Yezebeli akapanga njama auawe kwa mawe. Niliona kitawafaa, maana nyumbani kwao hakukuzungumzwa kitu kingine ila ekari. Sehemu ya Nabothi nilimpa msichana mrefu, mtoto wa mwenye duka aliyehamia kwetu kutoka upande wa Nyeri.

Siku ya mazoezi, Ahabu alitunisha kifua. "Nipe shamba lako. Nitakupa lingine zuri zaidi."

"Sawa," Nabothi akasema. "Twende nikalione kwanza."

Nilisimamisha mchezo. Yezebeli, aliyejifunga leso mbili za mama yake akingoja zamu yake ya ukatili, alinuna.

"Nabothi hauzi," nikamwambia. "Ni urithi wa baba zake."

"Lakini mwalimu, baba aliuza shamba la babu ndio tukapata hili la huku." Akanitazama. "Alifanya dhambi?"

Nilimwambia ashike maneno yake tu, nikaona aibu. Baba yangu mwenyewe alikuwa ametoa karibu ng'ombe wake wote apate kipande cha shamba huko Kiplombe, na siku alipokipata tulichinja mbuzi tukamshukuru Mungu.

Siku ya kufunga kambi wazazi walijaa mabenchi yote. Mawe ya kumpiga Nabothi yalikuwa tayari: kikapu kizima cha matunda makavu ya misonobari. Ahabu akatoa ahadi yake. Kabla Nabothi hajafungua mdomo, baba yake akaita kutoka nyuma, "Muulize kama lina maji!"

"Asiuze!" akajibu mzee mmoja wa hapo Kaptagat, akisimama na fimbo yake. "Mfalme akitaka shamba lako, kuna kitu anajua."

"Na kama hilo lingine liko karibu na barabara, Mzee?" akauliza baba wa Nabothi.

"Barabara inaliwa?"

Benchi zima likaingilia. Ahabu akachoka kusimama, akaketi chini. Kina mama walipoanza kuuliza kama Nabothi ana cheti cha shamba, mchungaji aligonga kengele ya chai.

Yezebeli alilia machozi ya kweli. Nabothi, ambaye saa hiyo alipaswa kuwa maiti, alinifuata na mkate mkononi.

"Mwalimu, baba anasema Nabothi alikosa wakili tu."

Kwenye ripoti ya kambi niliandika kwamba Neno halikubadilishwa, na kwamba wazazi walishiriki kikamilifu.