Foto Ambayo Marehemu Peke Yake Alikuwa Wazi

Siku ile tulikuwa ku nyumba yangu, hapa mujini, mutaa wa Nyakasanza: mimi; mudogo wangu wa tumbo moja, yule mwanamuke aliyenifuata kuzaliwa; mutoto wangu wa mwisho wa kiume; na mujukuu wangu, binti wa mutoto wangu wa kwanza, yeye njo alishika apareyi ya foto. Bwana yangu pia alikuwa, lakini ndani ya kadre, foto yake tu yenye mbao pembeni, juu ya vile alikuwa amekufa mwaka uliopita. Majina yao yote iko mu kichwa changu, hata ya majirani walioleta viti. Sitayaandika.

Ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Kwetu, siku ile nguo nyeusi zinatoka, watu wanakula, kisha jamaa wanapiga foto moja na sura ya marehemu mbele yao. Nilikaa katikati, kadre juu ya magoti, nikaisukuma mbele ili aonekane muzuri. Mudogo wangu alikaa kando yangu. Kesho yake angerudi kwake upande wa Irumu, juu watu walisema njia imepoa, vita imetulia, na mvua ya kupanda ilikuwa karibu. Nyumba yake ya kule ilichomwa pamoja na foto zote. Hata sura yake moja hatukuwa nayo. Ndiyo maana niliitaka ile foto.

Mujukuu alikuwa ametoka na apareyi yake Epulu, fasi alijifunza kupiga foto za nyama wa pori. Akapiga, akatuonyesha ku kioo kidogo cha nyuma. Tukasema muzuri. Majirani wakaenda.

Jua likiwa bado halijazama, nilimuona anafinya kidude na foto inakuwa kubwa, kubwa zaidi. Akaleta kioo karibu na macho.

“Iko nini?” nikamuuliza.

“Koko, imemushika koko mwanaume tu.” Siye wazee wote anatuita koko.

Niliangalia. Masharubu ya bwana yangu yalionekana unywele kwa unywele. Siye wengine tulikuwa kama tumepakwa mafuta ku sura. Mudogo wangu hakuwa na macho.

“Apareyi yenyewe njo ilichagua,” mujukuu akasema. “Iko na vituo mingi vya kushikia kitu. Nikiiachia, inakamata kile kiko karibu. Kule pori naiachia hivyo, juu nyama anatembea, nayo inamufuata.”

“Siye tunatembea?” Mudogo wangu alikuwa anafunga mizigo yake. “Huyu shemeji! Amekufa na bado anapita mbele ya kila mutu.”

Wakacheka. Mi pia nilicheka, lakini kwa mudomo tu.

“Vaa kitambaa cha kichwa tena,” nikamwambia. “Kuja ukae.”

“Yaya,” akaniita mimi mukubwa wake, “nimechoka. Unataka foto ya kuweka juu ya sanduku langu siku nikikufa?”

“Ndiyo.”

Akaniangalia. Akavaa.

Mara hii kadre ilibaki ndani. Mujukuu alisema ataacha kituo kimoja tu, atakiweka yeye mwenyewe juu ya jicho. “Lakini mukikaa hivi, mumoja mbele, mumoja nyuma, mumoja tu atakuwa wazi. Nani?”

“Huyu wa mbele,” nikasema, nikamuonyesha mudogo wangu.

Mujukuu akafinya kidude nusu, apareyi ikalia *pip*. Mudogo wangu akasimama.

“Koko, bado! Ile ni kusema imekuona. Haijapiga.”

“Sasa kama imeniona, inangoja nini?”

Siye tumezoea: kitu kikilia, kazi imekwisha. Mara ya pili vilevile, *pip*, naye akaamuka. Mutoto wangu akaja kwa nyuma, akamushika mabega. *Pip*. Akangoja, mudomo umefungwa. Ikapiga.

Ile foto iko wazi. Kope, kovu juu ya nyusi, uzi unaotoka ku kitambaa. Mi niko nyuma yake, sina sura. Ni sawa.

Kesho yake asubuhi akaenda. Sikulia, naye hakulia. Tulishaagana mara mingi kwa njia ile. Kisha njia ikafungwa tena na simu yake ikaacha kupita. Mujukuu alitoa foto ku karatasi, na kila mutu anayefika toka upande ule ninamuonyesha. Hakuna anayeniambia sura haionekani. Mwanamuke mumoja alisema alimuona ku soko, anauza maharagi. Mwingine akasema hapana, ule ni mutu mwingine. Ninawaambia asante, ninarudia kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Nimeandika vile ninakumbuka. Mi ninasema asubuhi ile alipanda pikipiki. Jirani anasema alipanda gari ya watu wa makaa. Kama ulikuwa pale na unaona nimekosa, unisahihishe, sitakasirika. Na kama ulimuona anapanda, uniambie ilikuwa gari gani, na ilishusha watu wake fasi gani.