Klima Isiyopumzika na Gato ya Thuwaiba

Tanti Lamya, dada yake baba, anatengeneza gato, yaani keki, za harusi hapa Mutanga Nord, na mikono yake inanukia vanila hata akitoka kufua. Ukikutana naye barabarani, mtandio umebana na uso hauna mchezo, utadhani anakwenda kuchapa watoto wa madrasa. Lakini mpe mayai na sukari, anaanza kucheka peke yake. Hapimi kitu. Anaonja, anafumba macho, anasema "bado", anaonja tena.

Anafanyia kazi kwenye chumba cha mbele, kile chenye mlango unaofungukia barabarani. Ndani kuna meza, frigo ndogo isiyoweza kumeza gato kubwa, na ukutani kiyoyozi, ambacho sisi nyumbani tunakiita klima. Bila klima hakuna krema, maana joto la Bujumbura na siagi havijawahi kupatana. Siku zote klima hunguruma, hunyamaza, hupumzika kidogo, halafu hunguruma tena. Siku ya kuamkia harusi ya Thuwaiba ilinguruma tangu asubuhi bila kuvuta pumzi.

Na gato ile haikuwa ya mtu wa kupita. Mama yake Thuwaiba alikuwa rafiki wa Tanti tangu wangali watoto. Alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho alimshika Tanti mkono, akamwambia gato ya mwanangu itoke kwako. Sasa ilikuwa pale mezani, ngazi tatu, imepakwa krema nyeupe, na krema ilikuwa inatoka jasho. Kila ua ambalo Tanti alilikamua juu yake liliinama polepole kama mwanafunzi anayesinzia saa ya mwisho.

Tanti akampigia fundi Shaabani. Shaabani alikuwa Rumonge, angerudi kesho jioni.

"Kesho jioni watu watakuwa wameshakula na kupanguza midomo," Tanti akasema, akakata simu.

Hapo ndipo nilipojitokeza mimi. Niko sekondari, sehemu ya sayansi, na wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha mashine hizi zinavyofanya kazi. Nilikuwa nimejaa elimu mpaka shingoni, natafuta tu mtu wa kummwagia.

"Tanti, klima haitengenezi baridi," nikaanza, mikono nyuma. "Inachukua joto la ndani ya chumba, inalibeba, inalitupa nje."

"Ah bon? Basi uiambie ibebe."

"Iko inabeba! Haizimi kwa sababu haijafika kwenye digrii tulizoiandikia."

"Asiya, mi sikukuomba masomo. Nimekuomba baridi."

Binamu yangu Anouar, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kulamba vijiko, akaniita enjiniere. Alidhani ananidhihaki. Mimi nilipokea kama cheo.

Nikashika telekomandi, rimoti ya klima. Klima iliandikiwa ishirini na nne na imeshindwa, kwa hiyo mimi, kwa akili zangu, nikaiandikia kumi na sita. Ni sawa na mtu aliyeshindwa kuruka benchi, ukamwambia aruke ukuta. Nikapanda kiti, nikachomoa chujio lake, nikaliosha bombani, nikalirudisha bila kulikung'uta. Tone likaanguka juu ya ngazi ya chini, likachimba shimo kwenye krema. Tanti alichukua kisu, akaziba lile shimo, akanitazama. Afadhali angenipiga.

Nikatoka nje kukagua lile sanduku la klima lililo nyuma ya ukuta. Lilikuwa linapuliza moto kama mdomo wa tanuri, feni inazunguka, hakuna kilichoziba. Nikaligonga. Usiniulize kwa nini. Mafundi wote hugonga.

Na kila nilipoingia na kutoka, niliruka mfuko wa sukari ulioshikilia mlango usijifunge. Kwetu, nyumba inayopika vya harusi haifungi mlango. Jirani anaingia, anasema mashallah, anaonja, anamwombea bibi harusi, anaondoka. Siku za kawaida Tanti hujifungia afanye kazi kwa utulivu. Siku ile mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri, pazia limefungwa fundo juu, na watu hawakukatika. Mimi nikauruka ule mfuko, nikawapa wageni salamu, nikaendelea kufikiria kama gesi ya klima imekwisha.

Nilipochoka nikaenda kukaa kizingitini nikasirike vizuri. Sikupata nafasi. Anouar alikuwa amelala pale, paka wa jirani ubavuni, na mama Mwanvua wa nyumba ya pili amenyoosha miguu kama yuko kwake.

"Sogea, mutoto," akaniambia. "Apa kwenu muko na baridi ya Ijenda kule milimani! Mi leo sirudi kwangu."

Baridi ikapita katikati ya vifundo vya miguu yangu, ikaenda zake barabarani. Nikaitazama ikienda. Mimi niliyewafundisha watu kwamba klima inatoa joto la chumba, sikuwa nimejiuliza chumba kinaishia wapi. Chetu kilianzia ukutani, kikaishia Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Nikaingia mbio. "Tanti! Mlango!"

"Mulango una nini?"

"Tuufunge. Klima iko nzima. Iko inapoza mtaa."

Tanti akaweka chini mfuko wa krema. "Nifunge mulango na harusi ni kesho? Watu waseme Lamya ana choyo? Ao waseme tuko na msiba?"

"Lakini krema, Tanti..."

"Apana."

Ua jingine likainama. Tanti akalitazama mpaka likalala kabisa. Mama Mwanvua naye alikuwa amesimama mlangoni, shingo mbele, anataka kuchungulia.

"Rudi nyuma, dada yangu," Tanti akasema ghafla. "Bibi harusi huyu bado yuko uchi. Tunamupamba."

Mama Mwanvua akaitazama gato, akamtazama Tanti. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Haki yake! Bibi harusi akipambwa mulango unafungwa." Akauburuta mfuko wa sukari yeye mwenyewe, mlango ukajifunga, na huko nje akapiga kigelegele, wengine wakaitikia. Anouar akatumwa kuwatolea mkeka na kahawa.

Tukabaki wawili na gato. Nikarudisha ishirini na nne. Tukangoja. Klima ikanguruma, ikanguruma, halafu, tak, kimya.

"Imekufa!" nikapiga kelele, nikakimbilia mlango, nikaufungua wote. "Imekufa, tumeiua!"

"Funga mulango!" wakaniitikia wa nje kwa pamoja, na sauti ya Anouar juu ya zote: "Enjiniere, imepumuzika!"

Nikaufunga. Tanti alikuwa amekamua ua la kwanza kwenye ngazi ya juu, mkono bado hewani, anaogopa kuuondoa. Akauondoa. Ua likasimama.

"Njoo ushike sahani," akaninong'oneza. "Na usinifundishe kitu."